Dawa ya Kuona

Stima ilipopotea Makina, huku Kibera, jioni ile, Mabruka alikuwa kibarazani anachambua mchele, na akaendelea kuchambua. Alitoa chenga, akatoa kijiwe, akatoa mdudu mweusi aliyekuwa anajifanya kijiwe, na hakuona sababu ya kusimama. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeisha. Ploti nzima watu walikuwa wanapapasa vibiriti na kuitukania kampuni ya umeme mama yake, lakini sinia la Mabruka lilikuwa linaonekana vizuri, mpaka yale maua ya bluu ya ukingoni.

"Mama Hamid, umewasha nini hapo?" akauliza Rosebella, mpangaji wake wa chumba cha mbele.

"Sijawasha kitu."

Rosebella akasogea, akatazama. Mwanga ulikuwa unatoka kifuani mwa Mabruka, upande wa kushoto. Ulipita kwenye blauzi, ukapita kwenye gurbaba aliyojifunga kama wanawake wote wa Kinubi wa umri wake, ukatua kwenye mchele. Rangi yake ilikuwa kijani cha ndizi mbichi, na ukubwa wake ulikuwa wa ndimu.

"Basi usihame," Rosebella akasema. "Niko na sukuma ya kukata." Akaleta kigoda chake na kisu, akakaa karibu.

Huo ndio uliokuwa mwanzo, na kama yuko aliyeshangaa, hakusema. Makina ni mahali pa watu wenye shughuli zao.

Mabruka mwenyewe alijua mwanga ulikotoka. Wakati wa mvua za masika alikuwa ameshika kitu kigumu kwenye ziwa akioga, akakishika tena kesho yake kikiwa palepale, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mumewe Fadlalla alikuwa amelala makaburini miaka mingi. Mtoto wao mmoja, Abdulhamid, alikuwa Doha analinda mlango wa duka kubwa, akipiga simu Ijumaa baada ya swala. Nyumba ya Mabruka ilikuwa na vyumba vingi, na vile alivyovibakisha bila kupangisha vilikuwa na vitanda vilivyotandikwa, ambavyo havikulaliwa na mtu. Kuna siku alikuwa akifika saa ya kulala na kugundua kwamba sauti yake hajaisikia tangu asubuhi, basi anaisemesha birika.

Kwa hiyo binti mmoja wa fulana ya njano, jina lake Audrey, alipopita Makina akiuliza wenye uvimbe, Mabruka alimfuata. Mradi uliomtuma ulikuwa umekodi ukumbi wa kanisa huko Kongo, ndani ya Kawangware. Mabruka akaenda kwa miguu, akapita kituo cha Olympic, akavuka barabara ya Ngong, akafika na matope hadi kwenye pindo la gurbaba.

Ukumbini Audrey alieleza mambo vizuri sana. Alisema ziko chembe ndogo mno, hata vumbi mbele yake ni gogo. Mtu anadungwa sindano mkononi, chembe zinatembea na damu, zinautafuta uvimbe zenyewe, zikiupata zinajibanza hapo na kutoa mwanga. Halafu kamera inauona ule mwanga kutoka nje, bila kisu, bila hata kukwaruza ngozi. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini alipofika mwisho wa maelezo mvua ikaja, na mvua ya mabati haina adabu, humkatiza mtu kauli mdomoni. Audrey akaweka mikono kama tarumbeta, akapaza sauti.

"Ni dawa ya kuona!" alisema. "Ya kuona tu!"

Mabruka, kwenye benchi la nyuma, akasikia kupona.

Alisema alhamdulillahi kwa sauti, na mzee aliyekaa kando yake akaitikia kwa furaha vilevile. Mzee huyo aliitwa Jeconia. Alikuwa bawabu zamani, akiishi peke yake hapo Kongo, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili mpaka akawa anatembea kwa kuuliza kuta. Chini ya mbavu alikuwa na kitu kigumu, na hicho ndicho kilichompitisha mlangoni, ingawa yeye mwenyewe hakukitia maanani. Mabruka alimshika mkono kumpeleka kwenye sindano, kisha kwenye chumba cha giza cha kamera, kisha kwenye soda na mkate. Wakapeana namba za simu. Wakaambiwa na mradi: "Tutawapigia."

Wataalamu walikuwa wamesema mambo mawili zaidi. La kwanza, mwanga ule hauonekani kwa macho ya kawaida. La pili, chembe zitatoka zenyewe na mkojo, zitakwisha. Makina haikuwa imeelezwa hayo, na Kongo vilevile.

Baada ya jioni ile ya sukuma wiki, stima ikipotea watu walikuwa wanakuja kwa Mama Hamid bila kuitwa. Watoto walikuja na homuwaki. Wanawake walikuja kusukana nywele. Fundi wa simu, Walubengo, alihamisha meza yake ndogo ya skrubu mpaka kwenye kibaraza. Taa ndefu ya mtaa, ile ambayo watu huiita mulika mwizi, ilikuwa imekufa tangu wezi wenyewe walipoiibia nyaya, na vijana wa kijiweni wakaanza kusema hawana shida, mulika mwizi yao iko kwa Mama Hamid na haina nyaya. Sheikh Usman aliulizwa kama inafaa kuswali karibu na mwanga huo. Akafikiri, akasema taa ni taa, watu wasiielekee tu.

"Mama Hamid, songa kidogo kushoto," Walubengo alikuwa akisema. "Hapo hapo. Asante."

Mabruka alipenda. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu ni kweli. Alipika kaimati akawapa, akawa na watu wa kuwauliza kama sukari imezidi. Watoto wote wa ploti, Wanubi kwa wasio Wanubi, walimwita habuba kama nyanya yao, na Marvin wa Rosebella alikuwa akimwegemea kabisa akiandika, kwa sababu hapo karibu herufi zilisomeka zaidi. Kitu cha kifuani kilikua, kutoka ndimu kikakaribia chungwa, na mwanga nao ukakua. Watu wakaona.

"Siku hizi imeongeza nguvu," Rosebella alisema, akimchana mtoto. "Heri wewe kuliko kampuni."

Hakuna aliyeuliza inafanya nini humo ndani. Ijumaa Abdulhamid alipiga simu ya video, akakunja uso.

"Mama, hiyo taa ni kali. Sikuoni."

"Haizimiki, baba."

"Basi geuza simu kidogo."

Mabruka akageuza kamera ya simu ikaelekea ukutani, na wakaongea hivyo, mtoto akitazama ukuta na mama akimtazama mtoto, mpaka bando likaisha.

Jeconia ndiye aliyepiga jioni moja bila kuwa na haja ya mwanga.

"Mama Hamid, majirani huku wanasema ninawaka. Ni kweli?"

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwangu, nimekaa."

Mabruka akasimama kibarazani, akageukia upande wa Kawangware. Kati ya Makina na Kongo kuna magorofa mengi, kuna miti ya matajiri, kuna barabara. Lakini mwanga ule ulikuwa umetengenezwa kupita kwenye nyama, na ukuta haukuushinda. Aliuona. Ulikuwa mdogo, chini kwa chini, wa kijani kama wake.

"Nimekuona," akasema.

"Umeniona?"

"Nimekuona, mzee wangu. Unawaka kabisa."

"Yawa!" Jeconia akasema. "Miaka hii yote hapa plot mtu hajaniona nikiwa hapa hapa mlangoni. Wewe unaniona kutoka Kibera."

Ikawa desturi. Baada ya Magharibi simu inalia, Mabruka anageuka, anasema nimekuona, na Jeconia anauliza habari za huko. Yeye hakuweza kumwona, lakini alisema upande ule wa uso wake unapata joto kidogo, na huenda ilikuwa kweli. Siku nyingine Mabruka alikwenda Kongo na kaimati kwenye kikapu. Chumba cha Jeconia kilikuwa kinang'aa mpaka kwenye mifereji ya mabati, na mama muuza samaki wa jirani alikuwa amebandika kikaango chake hapo mlangoni ili aone samaki akiiva.

"Rangi gani?" Jeconia akauliza.

"Ndizi mbichi."

"Ukubwa?"

"Chungwa," Mabruka akasema. Ilikuwa papai.

Jeconia akatafuna kaimati. "Na yako inauma?"

Mabruka alitaka kujibu haiumi, jinsi mtu anavyojibu. Lakini alikuwa hajaulizwa hata siku moja, na swali likamkuta bila kinga.

"Inauma," akasema. "Inauma sana, Mzee. Nangoja wanipigie simu nipone, na hawapigi."

"Basi usingoje. Nenda hospitali. Mimi nimezeeka, wewe nenda."

Akaenda. Hospitali ilikuwa ya serikali, foleni ilianzia nje kwenye ua, na alipoingia kwa daktari stima nayo ikapotea, jenereta ikawa inasubiriwa. Daktari hakuacha kazi. Alivuta kiti karibu na Mabruka, akaandika kwa mwanga wake.

"Nahitaji picha ionyeshe uvimbe uko wapi," akasema.

"Uko hapa."

"Naona, mama. Lakini siwezi kumpeleka mtu kupasuliwa kwa kuona kwangu. Wanataka picha."

Mashine ya picha ya hospitali ilikuwa mbovu. Mabruka akakumbuka kwamba picha tayari alishapigwa, huko Kongo, kwenye chumba cha giza. Daktari alifurahi. Akasema, basi kazi imekwisha, ilete hiyo. Akamwomba asisimame kwanza, amalizie mstari.

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani, katika jengo la vioo. Mabruka hakuhitaji kujitambulisha, kwa maana picha yake ilikuwa ukutani, kwenye fremu, kubwa kama mlango. Kifua chake chote kilikuwa giza na katikati pakawa na kile kitu, kijani, kizuri kwa kweli, na pembezoni vitone vidogo vikielekea kwapani. Chini yake palikuwa na utepe wa tuzo. Daktari Shivachi, mkuu wa mradi, alitoka mwenyewe kumpokea, akamshika mikono yote miwili, akaagiza chai ya maziwa. Alikuwa kijana mpole. Haingekuwa haki kusema vingine.

"Mama, umeonekana vizuri kuliko mtu yeyote," alisema. "Watu wa ng'ambo walisimama wakapiga makofi."

"Asante. Na nitapona lini?"

Daktari Shivachi akaomba arudie. Mabruka akarudia. Daktari akamtazama Audrey, aliyekuwa pale mlangoni na fulana yake ya njano, na Audrey akatazama viatu vyake.

"Mama, hakuna mtu alisema kupona," Shivachi akasema polepole. "Mradi huu ni wa kuona. Tulitaka kujua kama uvimbe unaweza kuonekana ndani ya mtu aliye hai. Na umeonekana."

"Mimi nilisikia kupona."

"Nilisema kuona," Audrey akasema. "Nilipiga kelele, mama. Nilipiga kelele sana."

"Najua, mwanangu. Ni mvua."

Chai ikaletwa. Mabruka akainywa, kwa sababu chai haijamkosea mtu. Halafu akaweka kikombe chini.

"Kuona na kupona," akasema, "tofauti ni herufi moja tu."

"Ni kweli."

"Basi niongezeeni hiyo moja iliyobaki."

Daktari Shivachi alisikitika, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Alisema kuongeza herufi hakumo kwenye mradi. Mabruka akaomba basi apewe picha aipeleke hospitali. Shivachi akasema picha si yao tena, iko kwa wafadhili ng'ambo, wakishaichapisha mtu yeyote ataweza kuiona, hata yeye. Mabruka akaonyesha ukutani kwa kidole.

"Hiyo ni ya mapambo tu, mama," Shivachi akasema. "Haina maelezo ya kitabibu."

Kabla hajaondoka walimwomba asimame kando ya fremu wapige moja ya kumbukumbu. Akasimama. Mtu wa kamera akalalamika kwamba taa ziko mbili sasa na zinaingiliana.

Jioni ile alimwambia Jeconia kwenye simu. "Wamesema si dawa ya kupona."

"Kwani wewe ulidhani ni ya kupona?"

"Wewe ulidhani ni ya nini?"

"Ya macho," Jeconia akasema. "Si msichana alisema dawa ya kuona? Nikasema Mungu mkubwa, hatimaye wamekumbuka macho. Nilishangaa kwa nini wananidunga mkono na kunipiga picha tumbo. Nikasema labda daktari siku hizi wanaanzia mbali."

Mabruka alicheka. Alicheka mpaka mwanga ukawa unarukaruka ukutani na watoto wakalalamika kwamba mistari inacheza. Upande wa pili Jeconia naye alikuwa anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa, na Mabruka akaona kwa mbali kile kijani cha Kongo kikitikisika hivyohivyo. Halafu wote wawili wakaacha. Hakuna aliyekata simu. Walikaa tu, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, mpaka salio la mzee likaisha.

Hospitali alirudi mara nyingi. Aliambiwa alete picha, akaambiwa mashine inatengenezwa, akaambiwa spea iko njiani. Wauguzi walimzoea, na siku za giza walimweka kwenye benchi la koridoni ambapo watu walikuwa wakijikwaa.

Kisha ikawa jioni simu haikulia. Mabruka akageukia Kawangware, na mwanga wa Kongo alikuwa anauona, lakini ulikuwa unatembea. Ulikwenda taratibu kando ya mlima wa nyumba, ukasimama mahali kama panapokuwa na foleni ya magari, ukaendelea. Akapiga simu, ikawa haipatikani. Mzee asiyeona hawezi kuondoka hivyo, tena kwa mwendo ule wa gari, tena akielekea Limuru na barabara ya kwenda kwao magharibi. Mabruka akaelewa. Innalillahi, akasema, ingawa Jeconia alikuwa Mkristo, na akabaki amesimama mpaka kile kijani kikashuka nyuma ya vilima na kutoonekana tena. Siku hiyo hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yuko wa kuambiwa. Baadaye Audrey alimpigia, akasema huko njiani polisi walilisimamisha gari kuuliza kwa nini jeneza lina taa, wakaliachilia kwa kuwa taa si kosa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni walikuja. Kufika mvua za vuli kibaraza kilikuwa hakitoshi, Walubengo akaongeza benchi, na Rosebella akaanza kupanga nani akae wapi ili watu wasikanyagane. Chungwa likawa papai. Mabruka alikuwa amekonda, mkono wa kushoto haukupanda tena kufunga gurbaba, akawa anafungwa na Rosebella, ambaye alifunga vizuri, akihakikisha nguo haikunjiki mbele na kupunguza mwanga.

Jioni moja stima ilipotea kabla hata adhana haijakwisha. Watu wakaja na mabeseni yao, vitana vyao, vitabu vyao. Mabruka alikuwa amekaa kwenye kiti katikati yao na simu mapajani. Kwa mazoea mwili wake uligeuka wenyewe, pole pole, mpaka ukaelekea Kawangware. Huko kulikuwa na giza la kawaida, magorofa, miti ya matajiri. Alitazama kwa muda mrefu. Kama mzee wa mlangoni yuko mwingine huko, hakuwa anawaka.

"Sikuoni," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata sisi, habuba," Marvin akasema kutoka nyuma yake. "Geuka huku bana, hatuoni."

Mabruka akashika mkono wa kiti kwa mkono uliobaki na nguvu, akajigeuza.

"Sasa?"

"Sasa tunaona," wakasema, na wakainamia vitabu vyao.